Sanda ya Mama Ndani ya Beseni la Chai

Rafiki yangu, wewe nakuamini, ndiyo maana nakwambia jambo ambalo hata darasa la jioni, tulipofundishwa kuandika habari zetu, sikuliandika.

Ile sehemu ya tamthilia inayosifiwa kila mahali, ya maziko, ilishutiwa nyumbani kwangu hapa Kilwa. Kitambaa walichokuja nacho wapiga picha cha kumvika maiti wa kuigiza kiling'aa kama shela la bi harusi. Nikawaambia, wazee wa huku watawacheka. Nikafungua sanduku la mama yangu, nikatoa sanda aliyojiwekea mwenyewe, aliyoisuuza kwa maji ya Zamzam. Sikumwomba ruhusa. Nilisema moyoni, jioni nairudisha.

Nikaenda kuswali alasiri. Kurudi, binti wa mavazi keshaizamisha kwenye beseni la chai ya rangi.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nyeupe sana inaumiza kamera, mama. Usijali, kwenye TV itaonekana nyeupe."

Waigizaji wakaanza kulia. Mama, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, akapaza sauti toka chumbani: "Nyie, mnanilia na uji wangu sijamaliza?" Watu wakaangua kicheko, ikabidi warudie.

Niliifua mara tatu. Chai haikutoka. Nikanunua nyingine, nikaikunja vilevile, nikaiweka. Mama alikuwa na desturi ya kuigusa sanda yake kila Ijumaa. Ijumaa ile aliipapasa muda mrefu.

"Hii ndiyo yangu?"

"Yako, mama."

"Haya."

Hakuuliza tena. Nikawa nangoja siku nzuri ya kumweleza na kumwomba radhi. Akafariki kabla, akazikwa na ile ya dukani.

Mwezi uliofuata sehemu ile ikaonyeshwa. Majirani wakanishika mkono: "Shoga, mbona kama kweli!" Binti wa mavazi hakusema uongo. Sanda ilikuwa nyeupe kama maziwa, na aliyevikwa alikuwa anapumua. Niliona kifua kikipanda kidogo.

Kila Ijumaa hadi leo nalifungua sanduku. Ile ya chai imo. Naipapasa, nasikia, "Haya."

Mungu naendelea kumwomba. Mama siwezi tena kumwomba radhi. Basi nakuomba wewe: ukimkuta mtu anaisifu sehemu ile, msimulie haya, naye amsimulie mwenzake. Mwambie sanda ile ilikuwa na mwenyewe, aliuliza, akadanganywa na mwanawe. Amwombee marehemu.