Mwisho Niliomtungia Rukia

Nitukaneni mkitaka, lakini mnisikilize kwanza. Nilimdanganya mtoto wa mama yangu mdogo, na uwongo wenyewe ulikuwa wa hadithi tu. Hadithi! Nani angedhani hadithi ingemvunja mtu mbavu?

Mimi ni mwanamke wa Kuze, hapa Mombasa. Kila alasiri sisi wanawake wa mtaa tulikuwa tukikaa ukumbini kwa mama mdogo, tukishona kofia za viua huku tukitazama filamu za Kihindi. Deki ya video ikaharibika, na fundi akasema haitengenezeki. Hapo ndipo nilipoanza kuwahadithia vitabu vyangu.

Vilikuwa vitabu vya Kiingereza vya mapenzi na uchawi, ngano za kale zilizoandikwa upya kwa watu wazima. Nilivinunua vikuukuu karibu na Marikiti. Wenzangu hawakupata bahati ya kusoma Kiingereza, kwa hivyo mimi nilisoma usiku na mchana wake nikawatolea kwa Kiswahili. Nilikuwa hodari, sijifichi! Sindano zilikuwa zikisimama.

Walichokipenda kuliko vyote ni kile cha binti aliyeozwa bwana mwenye pembe, aliyerogwa akawa nusu mtu nusu mnyama. Niliwapa kipande kila siku. Bwana akinguruma, wao wanashika vifua.

Rukia, binti wa mama mdogo, alikuwa ameolewa mwaka huo na mtu mwepesi wa mkono. Siku moja alikuja jicho limevimba, akasema ameteleza chooni. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Akaketi karibu yangu.

"Hebu n'ambie, dada," akasema. "Yule bwana wa pembe, mwisho wake ulikuwaje?"

Sasa sikilizeni. Kitabu changu hakikuwa na mwisho! Karatasi za nyuma zilikuwa zimechanwa kabla sijakinunua. Ningesema tu, "Sijui, mdogo wangu, hazimo." Lakini wanawake wote walikuwa wameinua vichwa, na mimi kwa kiburi changu sikutaka kuonekana sijui.

"Binti alivumilia," nikasema. "Akampenda vivyo hivyo na ngurumo zake. Asubuhi moja akaamka, pembe zimedondoka kitandani! Wallahi ndivyo kilivyoandikwa."

Walipiga vigelegele! Na mama mdogo akaongeza lake: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha, mwanangu." Rukia akatabasamu, akajifunga buibui lake, akarudi kwa mumewe.

Tangu hapo, nikimwuliza hali, alikuwa akinijibu, "Pembe bado, dada. Lakini zalegea." Nami nikicheka. Nikicheka, jamani!

Kisha nikakiona kitabu hicho hicho kwa muuzaji wangu, kizima. Nikausoma mwisho pale pale, nimesimama juani. Pembe hazikudondoka. Binti alichukua ufunguo bwana akiwa amelala, akatoka, akamfungia ndani, akaenda zake kwao.

Mbona sikwenda kwa Rukia siku ile? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Alikuwa na mimba, nikajiambia mtoto atamtuliza baba yake. Uwongo mwingine huo! Ukweli ni kwamba niliona haya. Niliogopa wenzangu wajue niliwatungia. Nikakificha kitabu kabatini chini ya leso zangu.

Mumewe akamsukuma ngazini. Mimba ikatoka, na mbavu zikavunjika.

Alipotoka hospitali akaletwa kwa mama yake. Nikamwendea, nikapiga magoti kando ya kitanda na kitabu mkononi. Nikamwambia yote. Nikamsomea mwisho wa kweli, sentensi kwa sentensi, nikilia.

Rukia akakichukua kile kitabu. Akafungua nyuma, akayatazama maneno ya Kiingereza asiyoyafahamu.

"Ule mwisho wa kwanza uliniapia," akasema. "Na huu waniapia. N'shike upi?"

"Huu, Rukia! Wallahi huu!"

"Hata siku ile ulisema wallahi, dada."

Akanirudishia kitabu, akageukia ukutani.

Juzi mumewe alikuja na wazee wake, akaomba radhi, akambusu mama mdogo mkono. Wamekubaliana. Rukia anarudi kwake Ijumaa. Nimemsihi asiende. Nimemsihi mama yake pia, akaniambia, "Wewe vitabu vimekuharibu kitwa, toka hapa." Mtaa mzima ulikuwa ukinisikiliza, na sasa ninalo neno moja tu la kweli na hakuna wa kulipokea!

Nyinyi mnaowasomea wenzenu, nawaomba kwa jina la Mungu: mkifika mahali karatasi haipo, semeni haipo. Aibu yake ni ya siku moja. Hamjui nani ameketi hapo akingojea maneno yenu ajue kama arudi nyumbani au asirudi.

Nanyi wahariri, jina langu msilitoe. Najua mpaka mlichape ungamo hili, Ijumaa itakuwa imepita. Nimeliandika vivyo hivyo. Mwenzenu jana nilimkuta Rukia anakunja nguo zake polepole, mkono mmoja ameushika ubavuni, nikataka kusema kitu, na kila nililolifikiria lilikuwa linaanza na wallahi.