Mama Kaa anafunza mbwa, binti yake anatazama kutoka mlangoni

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na sita amepiga magoti kwenye ua wa saruji uliofagiliwa sasa hivi. Mbele yake yuko mtoto wa mbwa wa wiki kumi, mweusi tii, isipokuwa nyayo zake nne ambazo ni nyeupe. Mkononi mwa mwanamke huyo kuna kipande cha ini la kuchemsha kisichozidi ukubwa wa ukucha.

Hasemi kitu. Anapitisha mkono taratibu juu ya pua ya mtoto wa mbwa. Kichwa kinaufuata mkono, shingo inarudi nyuma, na makalio yanagusa sakafu yenyewe.

"Kaa," anasema, wakati mwanafunzi ameshakaa. Kisha anampa ini.

Anarudia mara nane, halafu anasimama na kupangusa magoti. Somo limekwisha.

"Huyu bado mtoto," anasema. "Ukimchosha leo, kesho akikuona anajificha. Yeye dakika tano zinamtosha. Saa nzima iliyobaki ni ya wenye nyumba, maana hao ndio wagumu kufundishika."

Mwenye nyumba wa leo ni binti yake wa kumzaa. Amesimama jikoni, nyuma ya mlango wa wavu uliotiwa komeo, amembeba ubavuni mwanawe wa kike wa miaka mitatu. Kwenye shavu lake la kushoto, kuanzia chini ya jicho hadi pembe ya mdomo, kuna kovu. Aliumwa na mbwa wa kwao akiwa na miaka sita. Sasa ana thelathini.

Mwanamke huyu mtaani anaitwa Mama Kaa. Jina lilianza kwa utani wa majirani waliokuwa wakimsikia akipita na mbwa wa watu, kaa, kaa, kaa, mpaka ikasemwa kwamba akipita yeye hata wazee waliosimama barazani hutafuta viti. Wapo wanaomuuliza kama ni kaa wa baharini au kaa la moto. Huwajibu kwamba inategemea nani amemwamsha vibaya.

Kazi yake ni kufundisha watoto wa mbwa walioletwa majumbani karibuni, kabla hawajaharibika. Kwa siku huzunguka nyumba tatu au nne, zote kwa miguu, na mfuko wa kitambaa begani. Ndani ya mfuko mna kamba mbili fupi, taulo kuukuu, na kopo la ini. Fimbo hana. Kila familia humwita kwa wiki sita, na kwa kuwa si familia nyingi zinazoona haja ya kumlipa mtu amsomeshe mbwa, jioni hushona mapazia ili nyumba yake isilale njaa.

Amefanya hivyo kwa miaka kumi na moja. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kufundisha mbwa wa mtu wa damu yake. Binti yake hakutaka hata kusikia habari za mbwa, na kila mama alipomtembelea ilimbidi apitie nyumbani kwake mwenyewe kwanza, aoge na abadili nguo, asije akaingia na harufu.

"Sikumlaumu," anasema Mama Kaa. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilikuwa naingia na nyoka mwenyewe nguoni."

Katika familia yao, kisa cha kovu lile kilisimuliwa kwa namna moja tu. Kulikuwa na mbwa uani. Mtoto alikuwa mtundu, akamchokoza mbwa akila. Mbwa akamuuma. Majirani wakamuua mbwa mchana uleule, kabla mtoto hajarudi kutoka hospitali na nyuzi kumi na saba usoni na sindano za kichaa cha mbwa zikimsubiri.

Mumewe Mama Kaa alifariki akiamini hivyo. Binti alikua akiamini hivyo. Shuleni alipoulizwa na wenzake, alijibu kwa sentensi moja aliyokuwa ameikariri: nilimchokoza.

Miaka minne baada ya tukio, kiwanda cha nguo alichokuwa akifanya kazi Mama Kaa kilipunguza watu. Akazunguka kutafuta kibarua, na akakipata mahali ambapo asingepachagua: mabanda ya mbwa ya kampuni moja ya ulinzi. Walitaka mtu wa kufagia na kuosha vyombo.

"Nilikwenda kutafuta ufagio," anasema. "Mbwa sikuwa na haja nao. Wiki ya kwanza nilifagia huku nikitazama lango."

Kilichomsimamisha kufagia, anasema, ni mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa mbwa hao. Kila asubuhi mzee yule alitembea katikati ya mbwa wakubwa wanaokula, na kila alipopita aliinama akatia kipande cha nyama kwenye bakuli. Mbwa walipomwona anakuja, mikia ilicheza. Hakuna aliyenguruma.

Alimuuliza mzee kwa nini hawamuumi. Mzee akamwambia jambo ambalo Mama Kaa analirudia katika kila nyumba anayoingia: mkono unaokwenda kwenye bakuli la mbwa uende na kitu, usiende kuchukua.

Siku hiyo, anasema, aliweka ufagio chini akaenda chooni akalia. Alipotoka, mzee alimuuliza kama ana mgonjwa nyumbani. Akajibu kwamba anaye.

Alikaa pale miaka tisa. Mzee alimfundisha kusoma masikio, mkia na macho, akamfundisha pia kunyamaza, maana mbwa hasikii maneno mengi. Mzee alipostaafu, naye akaondoka akaanza kwenda kwenye nyumba za watu. Binti yake wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimwambia mama yake kwamba kati ya kazi zote zilizopo duniani ameichagua ile makusudi. Hawakuzungumza kwa miezi saba.

Mwaka huu, nyumba ya binti iliibiwa mara mbili katika mwezi mmoja, mara zote mchana. Mume wake, ambaye ni fundi umeme, hakutaka ubishi. Akarudi kutoka kazini na sanduku la karatasi, na ndani yake mtoto wa mbwa wa wiki saba. Mjukuu alimpa jina papo hapo kutokana na zile nyayo nyeupe: Soksi.

Binti wa Mama Kaa alijifungia chumbani na mwanawe kwa siku mbili. Chakula alipelekewa mlangoni. Siku ya tatu alimpigia simu mama yake.

"Alisema, 'Mama, njoo na mambo yako,'" anakumbuka Mama Kaa. "Halafu akasema nisihangaike kubadili nguo. Nikajua maji yamefika shingoni."

Fundi umeme anasema kosa alilifanya yeye, na amelikiri. Alidhani hofu ya mkewe ni kama hofu ya mende, kwamba mtu hupiga kelele kisha akazoea. Mkewe alipomwona Soksi, hakupiga kelele. Alikaa chini palepale alipokuwa, akafunika shavu.

"Nilitaka kumrudisha siku ileile," anasema fundi. "Mama mkwe akanizuia. Akaniambia nimpe wiki sita, na zikiisha binti yake bado anasema hapana, atamchukua mbwa yeye mwenyewe."

Masharti aliyoyaweka Mama Kaa yalikuwa machache. Hakuna mnyororo. Hakuna kumpiga, hata kwa gazeti. Akikojoa ndani, anayestahili kofi ni aliyesahau kumtoa nje. Mtoto asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko. Na binti yake asilazimishwe kusogea. Atazame kutoka popote anapotaka, na mlango uwe na komeo upande wake.

Wiki ya kwanza binti alitazama dirishani. Wiki ya pili akasogea mlangoni. Mjukuu ndiye aliyetaka kutoka, akaambiwa angoje mama yake awe tayari, naye akawa kila asubuhi anamuuliza mama yake kama sasa yuko tayari.

Wiki ya tatu lilifika somo la bakuli.

Mama Kaa anasema alijua kwamba linakuja, kama mtu anavyojua siku ya kung'olewa jino. Aliliahirisha mara mbili. Alimweleza mwandishi wa makala haya yaliyotokea, na alipoulizwa kama angependa yasiandikwe, alitikisa kichwa. "Yaandike. Aliyestahili kuyasikia kwanza nimeshamwambia."

Asubuhi hiyo aliweka bakuli la Soksi chini, akamwacha aanze kula. Kisha akasogea na ini mkononi, akainama, akalidondosha ndani, akaondoka. Alirudia, akieleza kwa sauti kama anavyoeleza katika nyumba zote: mbwa akizoea kwamba mtu anayekuja huongeza, hatakuwa na sababu ya kulinda. Anayezoea kunyang'anywa huanza kulinda akiwa mdogo, na akikua hulinda kwa meno.

Nyuma ya wavu, binti yake aliuliza swali kwa sauti ndogo. Aliuliza yule mbwa wao alizoezwaje.

Mama akajibu kwamba alifungwa mnyororo tangu siku ya kwanza. Kwamba chakula walikuwa wakimtupia, na wakati mwingine wakimwondolea kabla hajashiba, ili awe mkali. Kwamba alipolia alipigwa ufagio, na aliyekuwa akiushika ni yeye.

Binti akauliza tena: "Mimi nilifuata nini pale?"

Mama Kaa anasema Soksi alikuwa bado anakula, na yeye alikuwa amesimama na kopo mkononi, na angeweza kujibu kama alivyojibu kwa miaka ishirini na nne.

"Nilikutuma mimi," akasema. "Wageni walikuja, mabakuli hayakutosha. Nikakwambia nenda kalete lile la mbwa nilioshe. Ulisema unaogopa. Nikakwambia wacha uvivu."

Hospitalini, muuguzi alipouliza imekuwaje, mama alimtazama mtoto aliyefungwa bandeji, akasema ni utundu, alimchokoza mbwa. Alisema hivyo kwa sababu baba wa mtoto alikuwa amesimama pembeni. Baadaye akawa anasubiri siku nzuri ya kusahihisha. Siku nzuri haikutokea.

Binti yake aliondoka mlangoni. Aliingia ndani, na Mama Kaa akasikia maji yakifunguliwa na vyombo vikioshwa, vingi kuliko vilivyokuwa vichafu. Alipotoka alirudi palepale kwenye wavu.

"Nilikuwa na miaka sita, mama," alisema. "Nimejiuliza maisha yangu yote nilikuwa mtoto wa namna gani."

Kisha akamwomba aende nyumbani.

Somo lililofuata alilisimamia mume wa binti. La baada ya hapo pia. Mama Kaa alikuja, akafundisha, akaondoka bila kumuulizia binti. Fundi umeme anasema kwa siku tisa mke wake alizungumza mambo ya nyumbani tu. Siku moja alimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni, mlango umefunguliwa, anamtazama mbwa aliyelala juani.

Binti mwenyewe anazungumza kwa kupima maneno. Anasema hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa na bado ipo. Lakini anasema kuna mzigo mwingine alioubeba mpaka akadhani ni sehemu ya mwili wake, na ule umeshuka.

"Mwanangu akimwaga uji, nilikuwa namwambia yeye mtundu," anasema. "Neno hilo siku hizi linanikwama. Sasa namwambia uji umemwagika, tupanguse."

Kuhusu mbwa hana maneno makubwa. Hampendi, na hadhani atampenda. Asubuhi ya wiki ya sita, mwandishi akiwa uani, alitoa komeo mwenyewe. Alishuka ngazi, mkono wa kulia ukiwa umefumbatwa, akasogea hadi hatua mbili kutoka kwenye bakuli la Soksi. Hapo akasimama kwa muda mrefu. Mama yake alikuwa ukutani, mikono nyuma, hakumwelekeza.

Aliinama, akadondosha ini bakulini, akarudi nyuma. Soksi alilila, akainua kichwa, akacheza mkia, akaendelea na chakula chake. Binti alikwenda bombani akanawa mikono, mara mbili. Mjukuu alitaka kujua kama sasa ni zamu yake. Akaambiwa kesho, akimshika mama mkono.

Mbwa atabaki.

Mama Kaa hakukaa kunywa chai siku hiyo, alikuwa na nyumba nyingine mbili. Njiani alieleza mpango alionao. Anataka kwenda kwenye shule za msingi, darasa kwa darasa, awafundishe watoto mambo matano tu: namna ya kusimama mbwa akija, mahali pasipowekwa mkono, na mengine ya namna hiyo. Anataka hasa kuwaambia kwamba wakitumwa na mkubwa kwenye jambo wanaloliogopa, wana haki ya kusema hapana.

Mwalimu mkuu mmoja amekubali kumpa saa moja mwezi ujao. Kinachomsumbua ni kwamba watoto wa darasa la kwanza hawamsikilizi bibi kizee kwa saa nzima. Wanamsikiliza mtu aliyeyaona mwenyewe.

Kwa hiyo amemwomba binti yake aende naye. Alimwomba kwa simu, ili aweze kukataa bila kutazamwa.

"Hajasema ndiyo," anasema Mama Kaa, akihamisha mfuko kutoka bega moja kwenda jingine. "Ameniuliza ni siku gani."