Siku Tuliyomalizia Filamu kwa Baba Asumini

Enzi zetu pale Mkomaindo, Masasi, filamu haikuishia kwenye runinga. Iliishia kesho yake shuleni, mdomoni mwa mtu. Ulikuwa wakati wa ruksa, mitumba imejaa mnadani, biashara huria imeruhusiwa. Jirani yetu Baba Asumini aliuza korosho zake vizuri, akanunua runinga, deki ya mikanda ya video na jenereta, akajenga banda la mabanzi la kuonyeshea filamu. Jumapili mchana tulibanana kwenye mabenchi, ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ikiwa ya moto kwenye karatasi, chumvi na pilipili vidoleni, harufu ya petroli puani. Mama hakupenda. "Yustina, macho yako yatakuja kubaki mle ndani," alikuwa akisema.

Watoto waliokatazwa kuingia walisubiri kusimuliwa. Wasimuliaji tuliosifika tulikuwa wawili: mimi na Somoe, msichana aliyetoka Newala kuja kuishi kwa shangazi yake. Wapinzani kweli kweli. Nyuma ya madarasa yeye alikuwa na watu wake, mimi wangu, na mtoto aliyehama upande alisutwa wiki nzima.

Filamu nyingi zilikuwa za karate: vijana wawili wa vyuo viwili vya ngumi, wanachukiana tangu mkanda unaanza. Kichina hatukukijua, kwa hiyo maneno tulitunga wenyewe. Somoe alikuwa upande wa steringi, shujaa wa filamu, siku zote. "Steringi hafi! Adui lazima apigwe, ndiyo raha yenyewe." Mimi nilizipenda filamu hizo, lakini nilikuwa na ugomvi nazo, na ninao mpaka leo. Adui anapewa nyusi nene na kicheko kibaya, basi. Hana mama, hana kaka, hana hata wa kumkanda maji ya moto akiumia. Kijana gani wa umri ule yuko hivyo? Halafu steringi anafundishwa kila kitu na mzee mwenye ndevu, wakati sisi tuliowahi kushindana tunajua: anayekufundisha hasa ni yule usiyetaka akushinde. Mimi nilisoma vitabu vyote vya hadithi vya pale misheni ili Somoe asinizidi maneno. Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akijaribu sauti za wahusika njiani akienda kuchota maji.

Jumapili moja vijana wawili walikuwa wamesimama juu ya paa, mvua inawanyeshea, ngumi zimekunjwa. Jenereta likakohoa, likazima.

Watu walipiga miluzi, kisha wakaanza kutikisa ukuta. Baba Asumini alivuta kamba ya jenereta mpaka jasho likamtoka. Banzi moja likang'oka. "Jamani, ndugu zangu, mtanivunjia banda!"

Mtu akapaza sauti, "Yustina na Somoe si wamo humu? Watumalizie wao!"

Nikasukumwa mbele. Somoe alikuwa ameshafika. "Mimi steringi," akawahi. Nikabaki adui.

Alinijia na teke, nikalikwepa. Nikamwambia, "Wewe umekuja na chuo kizima. Mimi nimemwacha mama yangu anaumwa. Nikifa hapa nani atampikia?"

Waliokuwa wakitikisa ukuta wakageuka kututazama. Hakuna mkanda uliowahi kumpa adui mama. Somoe alibabaika kidogo, lakini hakuwa mtu wa kushindwa.

"Piga magoti, nitakusamehe."

"Sipigi."

Akanikaba shingo na kuninong'oneza, "Anguka basi, filamu iishe!" Sikuanguka. Akauliza kwa sauti ya steringi, "Kwa nini nikuache?"

"Kwa sababu ukinimaliza leo, kesho utashindana na nani?"

Somoe akaniachia. Akacheka, kicheko chake mwenyewe, na banda zima likalipuka kwa vigelegele. Punde jenereta likawaka. Adui wa kwenye runinga akaporomoka kutoka paani, akafa, muziki ukapigwa, na watu wakazomea! Baba mmoja wa Chiwata akasema, "Hii ya mashine haina akili. Ya watoto ndiyo filamu."

Asubuhi yake Baba Asumini alibisha hodi kwetu. Mama akanikata jicho, akidhani nimeharibu.

"Mama Yustina, binti yako na mwenzake wameliokoa banda langu."

"Huyu? Kwa mdomo wake huu huu?"

Alijifanya hajali. Lakini jioni nilimsikia uani akimhadithia jirani, na katika simulizi yake lile teke la Somoe lilikuwa limeongezeka urefu. Sijawahi kutunukiwa cheti kilichonivimbisha kichwa kama maneno yale.

Leo vijana wetu wana filamu mfukoni. Mpwa wangu huangalia kitandani, masikio ameyaziba kwa visikilizi. Ikikwama, analaumu bando. Muulize ilihusu nini, atakujibu, "Ilikuwa kali." Kali kama nini, pilipili? Kwa jibu hilo, nyuma ya madarasa yetu angezomewa mpaka kwao. Somoe siku hizi yuko Newala, mama mtu mzima, na bado ananipigia simu kumtetea steringi. Picha za sasa ni safi kuliko zetu, sikatai. Ila nikimaliza kuangalia yoyote, bado natafuta wa kumsimulia; nyumba imejaa watu, na kila mmoja yuko katikati ya filamu yake.