Kuni Bandia Zilizonukia Mkaratusi

Nicheke, msomaji, nimestahili. Vita vilipojaza wakimbizi kijiji cha Shasha, huko Kongo, nilipewa kazi ya kuwaonyesha kina mama kuni bandia za vumbi la mbao, ili wasipande tena mlimani kutafuta kuni za mkaratusi, kwenye watu wenye bunduki.

Asubuhi hiyo hofu ilinishika. Je, zikikataa kuwaka mbele yao? Nikamwomba binti mmoja aliyepita aniletee kuni kavu, nikazificha chini ya zile bandia.

Moto uliwaka vizuri mno chini ya sufuria. Mama Furaha akainama, akanusa.

“Papa injenieri, vumbi yako inanuka mukaratusi.”

Wakacheka. Nikaanza kueleza, kwa Kifaransa kirefu, habari za mafuta ya mbao. Ndipo ukuni mmoja wa kweli ukapasuka, ukateleza nje ya moto, gome lake likionekana wazi.

Mama Furaha aliacha kucheka.

“Hii kuni, nani njo alikuletea?”

Mimi ninayewaza kila kitu sikuwa nimewaza binti yule atazitoa wapi. Nyuma ya mama yake, Furaha, binti yule yule, aliivua polepole ngata ya kubebea kuni kichwani, akaificha mgongoni.