Siku Elila Ilipoamka

Ukimkuta Évariste getini anapolinda, mtaa wa Turffontein, Johannesburg, na sare ya ulinzi inayompwaya mabegani, usimuulize habari za Elila kama una haraka. Utakesha hapo. Elila ni meli ya mvuke aliyoishika usukani ujana wake wote, ikisukuma matishari ya mchele na mawese kati ya Kindu na Ubundu, huko Congo. Boila ilimeza kuni kutwa nzima. Mbele alisimama baharia mwenye mti mrefu, akipima kina na kupaza sauti, maana mto Lualaba huhamisha mafungu yake ya mchanga kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba.

Vita vilipokuja, meli ikaachwa ioze ukingoni, naye akakimbilia Johannesburg na mkewe, Marthe. Kumbe vijana wa Kindu hawakuisahau. Ignace, fundi wa kuchomelea, alimtafuta kwa simu, akawa anamtumia picha za matengenezo, na Évariste akawa anakosoa kila kitu, hata rangi. Wakati mwingine alifoka mpaka madereva waliosimama kwenye robot, taa za barabarani, wakageuka.

Alitaka jambo moja tu: siku ya uzinduzi ashike usukani yeye, hata kama ni kutoka gatini hadi kona ya kwanza. Marthe alimkata maneno, akimwita kwa jina la binti yao.

“Papa Héritière, ukikanyaga Congo tu, hapa banakufutia ukimbizi. Sisi utatuachia nani?”

Alijua mkewe anasema kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kibali kilekile kilichomlinda ndicho kilichomfunga miguu.

Basi siku yenyewe akatazama kwenye simu, kibandani, mtandao ukikatika-katika hadi akatamani kuitupa. Moshi ukapanda. Honi ikalia, na machozi yakamtoka hapo hapo, mtu mzima na sare yake. Kisha mheshimiwa mmoja akaomba watu wasimame kimya kuwakumbuka mabaharia marehemu, akaanza kuwataja. Évariste akavua kofia. Jina la kwanza alilifahamu, na la pili pia. La tatu lilikuwa lake.

Akaandika haraka kwenye maoni ya video: “Niko muzima!” Ujumbe ukapotea katikati ya mioyo na bendera. Akampigia Ignace, akampigia tena, mpaka akapokea.

“Weye ulikuwa wapi banaponizika?”

“Vieux, mzee wangu, nilibaambia uko muzima! Bakubwa banasema wote benye balikimbia na habakurudi, balikufa. Na jina liko kwenye bamba la chuma, pale kwa usukani.”

“Litoeni! Leo hii!”

Ignace akakohoa. “Nimeuliza. Banasema haliwezi kutoka, mpaka ukuje Kindu weye mwenyewe, bakuone na macho.”

Évariste akakata, akarudi kwenye video. Kwenye simu honi ikalia tena. Elila ilikuwa inaondoka gatini, na usukani ameushika mtu asiyemjua.