Hatua Arobaini Hadi Kisima cha Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na sita, bwana afya wa mtaa ule aliipima dunia kwa miguu yake. Kanuni ya bodi ya afya ilitaka pawe na mita thelathini baina ya kisima na tangi la maji taka. Naye, katika mwaka wake wa kwanza kazini, alipiga hesabu akaona kwamba hatua yake moja ni sentimita sabini na tano, kwa hiyo arobaini zatosha. Tepu ya ofisi ilikuwa imekatika kwenye mita ya saba, na maombi ya kupata nyingine yalikuwa yangali yamelala kwenye faili. Watu wakambandika jina la Hatua Arobaini. Mwenye nyumba akithubutu kuuliza kama hatua ni kipimo halali, alijibiwa kwa upole: "Ukitaka, hesabu nawe. Lakini hesabu za kwangu."

Jambo moja lilimtoa jasho: lugha. Kazini aliyataja mambo ya chooni bila kupepesa macho. Mbele ya mama mkwe wake, hata mlango wa choo hakuweza kuutaja. Mama huyo, fundi cherehani mstaafu, aliishi bondeni kidogo, nyuma ya nyumba ya bwana afya, penye kisima alichochimbiwa na marehemu mumewe mwaka wa harusi yao. Hakuna alichokionea fahari kuliko kisima kile.

Ndipo bodi ikatoa waraka. Visima vitano vilikuwa vimekutwa na vijidudu vya tumbo, na cha mama mkwe kilikuwa kimojawapo. Tangu majibu ya maabara yatoke, alikuwa akipelekewa maji ya kunywa kwa madumu, naye akawa anawalaumu vyura. Sasa kila afisa aliagizwa kupima matangi kwa rangi, akianza na la nyumbani kwake: amimine kijiko cha unga wa kijani chooni, asubiri, achungulie kisimani. Kijani kikitokea, tangi linavujia maji ya ardhini, na kisima kifungwe kwa sahihi ya afisa. Upande wa juu wa kisima kile palikuwa na tangi moja tu, la bwana afya mwenyewe, alilolijenga miaka mitatu nyuma baada ya kuhesabu hatua arobaini bila kuruka hata moja.

Tena kifungu cha nne kilidai mwenye kisima aarifiwe kwa mdomo.

"Mwambie wewe," alimsihi mkewe.

"Mimi nimeajiriwa na bodi lini? Nenda kaseme na mama yangu. Hang'ati."

Alimkuta mama mkwe anapachika vifungo. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, kofia gotini.

"Mama, wiki hii huenda vitu vya nyumbani kwangu vikafika hapa."

"Vitu gani, baba?"

"Vya... vya upande wetu."

Mama mkwe akaitua sindano. "Wa upande wenu? Ni wengi?"

Bwana afya, kwa furaha ya kupata njia ya kupita bila kulitaja lile neno, akaifuata ngeli aliyopewa. "Kuwahesabu si rahisi, mama."

"Watafika lini?"

"Kwa udongo huu, siku tatu."

"Wanakuja kwa miguu?"

"Wanakuja chini kwa chini."

"Aa." Mama mkwe akainamisha kichwa kama mtu aliyekabidhiwa siri. "Basi nitawapokea."

"Usiwapokee, mama. Wakifika, nijulishe tu."

"Watu wa kwenu wafike kwangu nisiwapokee? Uniaibishe hivyo?"

"Hawatapita mlangoni, mama."

"Nimeelewa," alisema mama mkwe. Naye bwana afya akaandika kwenye fomu: mwenye kisima amearifiwa na ameelewa.

Alichokielewa mama mkwe ni kwamba shangazi za mkwe wake wanakuja kwa kificho, bila shaka kuchunguza kijana wao kaoa kutoka nyumba ya namna gani. Akafagia mpaka pembe ambazo ufagio ulikuwa umezisahau. Siku ya tatu akafungua sanduku, akatoa mashuka meupe ya harusi yake, akayafua kwa maji ya kisima. Majirani husimulia kwamba yalikuwa mawili. Mwenyewe, aliyeyashona, anasema manne.

Kwa upande wake bwana afya, asije akasemwa amejipendelea, hakumimina kijiko. Alimimina kopo zima, siku ileile aliyotoka kwa mama mkwe.

Siku ya tatu alipochungulia uani kwa mama mkwe, hakuhitaji kufika kisimani. Mashuka yalikuwa kambani, kijani kama migomba michanga, na mama mkwe ameketi kizingitini, sabuni mkononi, akiisoma karatasi iliyofungia sabuni hiyo.

"Wageni wako hawajafika, baba, na mashuka yangu yameharibika."

"Wamefika, mama."

Mama mkwe akayatazama mashuka. Akapandisha macho mlimani, hadi kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba ya mkwewe.

"Upande wenu," alisema taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Chini kwa chini. Wasiohesabika."

"Ndiyo, mama."

"Si ungesema choo? Nimelea watoto sita. Ulidhani walikuwa wakitoa marashi?"

Bwana afya akaikodolea macho kofia yake. Akaeleza kwamba haiwezekani, kwamba alihesabu arobaini kamili. Mama mkwe akavuta tepu ya kushonea kutoka shingoni. "Tembea." Akatembea. Mama akapima kutoka kisigino hadi kisigino.

"Hamsini na nane. Tangu nyonga ianze kukusumbua, miaka minne sasa, unatembea kama unayeogopa kuamsha mtoto. Nilidhani unajua."

Bwana afya akapiga hesabu kichwani: mita ishirini na tatu na kidogo. Kisha akakumbuka matangi yote aliyoyapitisha katika miaka hiyo minne, akaketi bila kukaribishwa.

Kisima kilifungwa siku ileile. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemshikia fomu isipeperuke akitia sahihi. Kisha bwana afya akaiandikia bodi kwamba tangi lake atalihamisha, na kwamba yote ya miaka minne yapimwe upya, kwa tepu. Ofisi ikamjibu kwamba tepu bado.

Ndiyo maana hutembea wawili. Tepu ya kushonea ni mita moja na nusu, nayo huenda mara ishirini; mama mkwe hushika ncha, kwa kuwa kuhesabu hamwachii tena. Kwenye nyumba ya kwanza, mwenyeji alitoka akauliza wamefuata nini. Bwana afya akakohoa kidogo.

"Tumekuja kuutazama ule upande wa..."

"Choo," alisema mama mkwe, na kuinama na tepu.