AC niliyoigeuza na mizani ya zafarani

Leo nimesifiwa kazini kwa kurekebisha kitu nilichoharibu mwenyewe.

Nakato, dada Mganda tunayeuza naye zafarani hapa soko la Deira, ughaibuni, alikuwa anampimia mteja. Namba za mizani zikawa zinaruka tu.

Arbab, bosi wetu, akamfokea mbele ya mteja: "Hujui kupima! Khalas, basi, toka hapo kwenye mizani!"

Akaniita mimi.

Sasa, ile mizani hata ukiipumulia inaruka. Na asubuhi ni mimi niligeuza AC ielekee kaunta, eti nasikia joto.

Nikairudisha AC kimya kimya. Namba zikatulia.

"Umeona?" Arbab akamwambia Nakato. "Mkenya anajua kazi!"

Na mimi, wasee, nikatabasamu.

Saa hii Nakato ameniletea chai. Anaomba nimfundishe kupima.

Ungekuwa wewe, ungeanza kumwambia nini?